Luninga ya Bi Kudra Ilivyomwita Muuza Dagaa

Nilirudi nyumbani Jumapili saa kumi na moja jioni, nikakuta luninga ya mama mwenye nyumba wangu imekalishwa uani juu ya kigoda. Imefunikwa kanga mbili. Chini yake chetezo cha ubani kinafuka.

Wanawake kama kumi hivi wamesimama mbali nayo, wanaitazama kama mtu anavyomtazama nyoka ambaye hana uhakika kama kweli amekufa.

Nikauliza kuna msiba?

Nikaambiwa kuna jini.

Wadau, jini lile lilikuwa mimi.

Na kabla hamjacheka, jueni kwamba kuna mama mmoja alikuwa hajulikani alipo tangu saa tisa mchana. Aliyemkimbiza ni mimi vilevile. Kazi yote nilikuwa nimeifanya Jumamosi, nikiwa nimekaa chumbani kwangu na bukta.

Ilikuwa mwaka 2015. Burundi kumechafuka, watu wanavuka kwa maboti na watoto na magodoro, Kigoma imefurika. Mimi naitwa Nickson, kwetu Njombe. Shirika moja, jina naliacha maana bado nahitaji barua ya utumishi kutoka kwao, lilinileta kurekodi sauti za wakimbizi waliopotezana na ndugu zao. Mtu anakaa mbele ya kinasa sauti, anasema yeye ni nani, anamtafuta nani, walipoteana wapi. Sauti zinasafishwa, zinapelekwa redioni, aliye mbali asikie.

Nilipanga Gungu kwa Bi Kudra, mjane mzaliwa wa Ujiji. Mama mwema, ila ana ugonjwa mmoja: akishika rimoti, lazima abonyeze kila kitufe kilichopo. Mwanawe aliyeko Maskati alimletea luninga kubwa na kisanduku cha kushika intaneti. Na kwa kuwa ruta ya nyumba ile nilinunua mimi, kwa heshima nikamuunganishia.

Chumba cha pili alipanga Mwalimu Eufrasia, Mhaya wa Bukoba, anafundisha shule ya msingi.

Bi Kudra na Mwalimu Eufrasia walikuwa hawasemeshani tangu Pasaka. Bata wa Bi Kudra alipotea. Wiki iliyofuata kamba ya nguo ya Mwalimu ikakatika, mashuka yake meupe yakalala kwenye tope. Hakuna aliyemtuhumu mwenzake. Walinuniana tu, miezi mitatu, nyumba moja, choo kimoja. Wakitaka kuambiana kitu wanamwambia Nickson.

Sasa tuje kwenye kompyuta.

Nilikuwa nazo mbili. Laptopu ya ofisi, inatumia Windows, ndiyo yenye sauti za wakimbizi. Na kompyuta yangu ya mezani, kuukuu, niliiwekea Linux kwa sababu haikuwa na nguvu ya kitu kingine. Ila programu ya kusafisha sauti ilikuwa kwenye hiyo kuukuu.

Nilitakiwa kuhamisha sauti ishirini na tatu kutoka ile kwenda hii, nizisafishe, Jumatatu asubuhi zifike redioni.

Utasema si utumie flashi. Flashi za ofisini kwetu zilikuwa na virusi kuliko mbwa wa sokoni ana viroboto. Ukiichomeka tu, mafolda yako yote yanageuka vivuli, unabofya hakuna kitu. Bosi alishapiga marufuku.

Nikaenda mtaa wa Mwanga kwa Pastory, fundi kompyuta mwenye meza moja katikati ya cherehani mbili. Akanieleza kwa utulivu kwamba kompyuta zikishika ruta moja zinaweza kupeana mafaili hata kama mifumo yake ni tofauti. Unafungua folda moja kwenye Linux, unaipa ruhusa ya kushirikishwa, kisha upande wa Windows unaitafuta mtandaoni. Akasisitiza jambo moja: neno la siri la kuingilia kwenye folda ile linatengenezwa peke yake, si lile unaloingilia kwenye kompyuta.

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Sikuelewa.

Jumamosi asubuhi nikaanza. Kwanza nikawasha programu ya kurekodi kwenye ile kuukuu, nijaribu maikrofoni. Nikasema moja, mbili, tatu. Halafu akili ikahamia kwenye mtandao, nikaiacha inarekodi; nilishaipanga inase pale tu inaposikia mtu anaongea.

Saa nzima laptopu inasema haioni kompyuta nyingine yoyote. Zote ziko meza moja, zinagusana! Baadaye nikagundua kikundi cha mtandao huku nimekiita NYUMBANI, huku nimekiita NYUMBAN. Nikarekebisha. Zikaonana.

Zikaonana, lakini folda haifunguki. Inataka jina na neno la siri. Nikaweka langu la kuingilia kwenye kompyuta. Ikakataa. Nikaweka la barua pepe, ikakataa. Nikaweka kila neno la siri nililowahi kuwa nalo tangu chuo, pamoja na jina la msichana aliyeniacha mwaka wa pili. Likakataliwa hata na kompyuta.

Hapo nikapandwa na hasira, nikaanza kuzigombeza kwa sauti kwa yote, tangu zilipojifanya hazionani.

Nilipochoka kabisa nikaingia kwenye mipangilio ya ile folda, nikafuta masharti yote. Neno la siri, hapana. Nani aruhusiwe? Wote.

Ikafunguka kama mlango wa choo.

Sauti ishirini na tatu zikahama kwa dakika sita. Nilicheza peke yangu chumbani. Nikaikuta ile programu ya kurekodi bado inaendelea, nikahifadhi ilichonasa bila kusikiliza, humo humo kwenye folda, nikaliita faili hilo sifuri, mbele ya zile za wakimbizi zenye namba moja hadi ishirini na tatu. Kesho yake nikaacha kompyuta inasafisha sauti, mimi nikaitwa bandarini, kuna watu wameshuka.

Kufunga ile folda? Hata sikukumbuka.

Yaliyofuata niliyapata kwa mashahidi.

Jumapili mchana majirani hukusanyika kwa Bi Kudra kutazama tamthilia. Siku hiyo tamthilia ikakwama, Bi Kudra akashika rimoti na kuanza ibada yake ya vitufe. Kisanduku kikamletea alama asiyoijua. Akaibonyeza. Ndani kuna folda. Akaibonyeza. Ndani kuna orodha. Akabonyeza cha kwanza.

Skrini ikawa nyeusi tii.

Sauti ya mwanamume ikasema moja, mbili, tatu. Ikanyamaza. Watu wakasogeza vichwa. Kisha, kwa mwangwi wa chumba changu kisicho na pazia, ikanguruma:

"Mko nyumba moja. Mmekaa hapa ukuta kwa ukuta, na kila mmoja anajifanya hamuoni mwenzake. Mnanificha nini? Semeni. Leo hakuna kulala, nawafungua wote."

Hakuna aliyeitambua ile sauti. Mimi huwa naongea taratibu, sijawahi kumgombeza mtu pale uani.

Wanasema kilipita kimya, ukasikika mkojo wa mbuzi nje.

Mwalimu Eufrasia, aliyekuwa akipita koridoni kwenda kuanua nguo, ndiye aliyeanguka wa kwanza. Alipiga magoti mbele ya ile luninga akakiri kwamba bata aliingia jikoni kwake wakati wa Pasaka, akampiga na mwiko kwa nia ya kumfukuza tu, bata akafa, na kwa kuwa alikuwa ameshakufa akaona kumtupa ni dhambi nyingine. Alimpika na ndizi.

Bi Kudra naye, rimoti mkononi, akakiri kwamba kamba ya nguo aliikata yeye kwa kisu cha samaki, baada ya kuona manyoya jalalani.

Wakakumbatiana, wakalia, majirani nao wakaanza kukiri ya kwao. Kuna mmoja alikiri mambo ambayo mumewe mpaka leo hajaambiwa, na mimi sitakuwa wa kwanza kumwambia.

Katikati ya kilio hicho luninga ikaendelea na faili la pili.

Mlangoni alikuwa amesimama Mama Regina.

Mama Regina alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, anauza dagaa ufukweni Kibirizi, na Jumapili hupitisha beseni Gungu nyumba kwa nyumba. Si mtu wa maneno. Tulijua ni Muha wa Kalinzi, mjane, ana watoto wanne wakubwa. Basi.

Faili la pili lilikuwa la mzee mmoja niliyemrekodi wiki mbili nyuma, kabla hajapelekwa kambini. Sauti yake ilikuwa nzito, Kiswahili chake kimechanganyika na Kirundi.

"Mimi ni Feliksi, mwana wa Martini. Namtafuta mdogo wangu wa kike. Nyumbani tulimwita Kanyoni, yaani kindege, maana hakuwa anatulia. Mwaka sabini na mbili watu walimpakia kwenye boti, mimi nikabaki ufukweni. Kanyoni, kama unasikia, nipo. Utakumbuka ulining'ata kidole gumba siku nilipokunyang'anya kiazi. Kovu ninalo."

Beseni likaanguka. Dagaa wakamwagika koridoni yote. Mama Regina akageuka akakimbia bila kandambili.

Wenzake wakahitimisha kwamba jini limemchukua.

Kilichofuata kilikuwa vurugu ya kidini. Bi Kudra analeta ubani, Mwalimu Eufrasia analeta chupa ya maji ya baraka na anataka kuyamwaga juu ya luninga ikiwa bado imechomekwa umeme. Aliyeiokoa nyumba ile isiungue ni Maalim wa madrasa ya jirani, waliyemwita aje asome. Alisimama akasikiliza sauti mbili tatu, akachomoa waya. Aliwaambia hajasikia jini hapo, amesikia watu wenye uchungu, na kwa kuwa vitu vya nyaya pale nyumbani ni vya Nickson, wamsubiri Nickson.

Ubani ukawashwa hata hivyo. Kwa tahadhari.

Ndipo nikaingia mimi.

Ilinichukua nusu dakika kuelewa, na robo saa kueleza. Nikaleta laptopu, nikawachezea lile faili sifuri, nikaongea kwa ukali wa Jumamosi ili walinganishe. Bi Kudra alinitazama muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, kumbe bata wangu amepatikana kwa uzembe wako." Kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Mimi pia nilicheka. Halafu nikakumbuka beseni.

Jini hakuna. Sasa Mama Regina alikimbia nini?

Nikasikiliza tena sauti ya mzee Feliksi, nikaanza kukisia. Nikachukua bodaboda mpaka Kibirizi, Bi Kudra nyuma yangu, Mwalimu Eufrasia nyuma ya Bi Kudra. Wanne kwenye pikipiki moja, msiniulize.

Tulimkuta amekaa pembeni ya vichanja vya kuanikia dagaa, peku, anaangalia ziwa. Nikamwamkia, nikamwomba radhi, nikamweleza ya kompyuta. Akasema ameelewa, turudi tu, atafuata beseni lake kesho.

Nikamuuliza kama anamfahamu yule mtu wa kwenye sauti.

Akasema hapana. Yeye ni Muha wa Kalinzi.

Bi Kudra akakaa chini kando yake, mchangani, na baibui lake safi. Hakuuliza kitu. Alianza tu kumsaidia kuchambua dagaa waliobaki kwenye kichanja, anatoa mawe na majani. Mwalimu Eufrasia akakaa upande wa pili. Mimi nikabaki nimesimama kama nguzo ya umeme.

Baada ya muda Mama Regina akasema, bila kututazama, "Nikisema ndiyo, si watanipandisha basi la kambini? Miaka arobaini na tatu nipo hapa. Watoto wangu wamezaliwa hapa. Mume wangu kazikwa hapa."

Mimi nilikuwa nacheka habari ya jini, kumbe mwenzangu alisikia jina lake la utotoni kutoka kwenye kioo cheusi, mbele ya watu kumi, na kitu cha kwanza alichowaza ni kupoteza nyumba yake.

Nikamwambia sitaandika chochote ofisini. Akitaka, nitapiga simu tu, simu yangu mwenyewe. Asipotaka, ile sauti itaenda redioni kama nyingine, na sisi watatu hatukuwahi kufika Kibirizi.

Akachambua dagaa wengine kama kumi hivi.

Halafu akauliza, "Hilo kovu uliliona kwa macho yako?"

Nikasema nililiona. Kidole gumba cha kulia, karibu na kucha.

Akatikisa kichwa taratibu. "Cha kulia, ndiyo. Nilikusudia kukitoa chote."

Nikapiga. Kule kambini simu ilikuwa ya jirani yake, tukasubiri aitwe. Alipofika nikampa Mama Regina. Alikaa na simu sikioni bila kusema kitu mpaka nikaogopa salio litaisha. Kisha akaongea Kirundi, sentensi moja. Upande wa pili mtu mzima akalia kwa sauti, tukamsikia wote.

Waliongea mpaka salio likaisha kweli. Sikuelewa kitu ila neno moja lililorudiwa mara nyingi, ikijumbu. Nilipomuuliza, Mama Regina akafuta macho kwa upindo wa kitenge akaniambia ndiyo kiazi kitamu. Alikuwa anamkumbusha kaka yake kwamba kile kiazi kilikuwa chake.

Jumatatu nilimweleza bosi kuhusu folda, bila kumtaja Mama Regina. Nikapewa onyo la maandishi, na kazi ya kuwafundisha wenzangu wote namna ya kutengeneza neno la siri la folda. Nilimpeleka Pastory afundishe, mimi nikashika chaki.

Wiki mbili baadaye tukasafiri. Enzi hizo kambini kulikuwa na soko ambako wenyeji na wakimbizi walikutana kuuza na kununua. Mama Regina alisema hataenda kama mgeni, ataenda kama anavyokwenda popote, na dagaa wake. Akavaa kitenge kipya, akabeba gunia. Njia nzima ya Kasulu hakusema neno. Bi Kudra na Mwalimu Eufrasia, walioapa hawakosi, waliongea kwa niaba yake. Walikuwa wanabishana kama bata anafaa kwa ndizi au kwa wali.

Tukafika, akapanga dagaa wake chini kwa kopo. Nikaenda kumfuata mzee Feliksi.

Alikuja amevaa koti la mtu mwingine, mikono mirefu. Anatembea haraka, ananiacha nyuma. Hatua kama kumi kabla ya kufika, akasimama ghafla.

Mama Regina naye akainua uso, akaganda na kopo mkononi.

Mimi machozi yameshanilenga. Nikajua hii ndiyo ile dakika.

Mzee Feliksi akaniuliza kwa sauti ya chini, huku hamwondolei macho, "Ni huyu?"

Nikasema ndiye.

"Huyu namjua. Huyu ni mwizi."

Nikahisi nimesikia vibaya. Mama Regina akaweka kopo chini, akashika kiuno, akasema kwa utulivu kabisa, "Na wewe ndiye yule mzee aliyeniita mchawi."

Ndipo tukasimuliwa. Siku mzee Feliksi alipovuka, boti lao lilishusha Kibirizi. Ana njaa, akaenda kununua dagaa kwa mama wa kwanza aliyemwona. Akadai kopo limewekewa karatasi chini ili lionekane limejaa. Yule mama akakataa. Wakagombana nusu saa, watu wakajaa, akamwita mwizi na mchawi. Naye akamfukuza na fimbo ya kugeuzia dagaa mpaka majini.

Walipoteana miaka arobaini na tatu. Walipokutana uso kwa uso, wakatukanana na kila mtu akashika njia yake.

Walitazamana pale sokoni.

Mzee akainama, akachukua lile kopo, akaligeuza, akachungulia ndani.

Karatasi ilikuwemo.

Mama Regina alianza kucheka kabla yake. Walicheka mpaka wakashikana, na waliposhikana ndipo kilio kikaja, wakakaa chini kati ya dagaa, watu wazima wawili wenye mvi, na hakuna aliyewaambia wainuke.

Leo mzee Feliksi ni marehemu, alirudi kwao na akafa kwao, na dada yake alikwenda kumzika. Mama Regina ameniruhusu nisimulie, kwa sharti niseme kwamba siku hizi kopo lake halina karatasi. Nimesema. Sijathibitisha.

Mafunzo ni mawili. La kwanza ni la kompyuta: ukiambiwa chagua nani aruhusiwe, usibonyeze "wote" kwa hasira.

La pili ndilo zito. Ukigombana na mtu sokoni, kabla hujafika kwenye matusi, muulize kwanza jina la baba yake.